Mapafu Niliyorudi Nayo Isiolo

Salaam aleikum, nyote mliokuja kuniuliza. Na nyinyi wa upande wa Meru, habari zenu. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nimpe mwanzo, yule nimpe mwisho, halafu mkikutana sokoni mnaunganisha mnavyotaka. Nimeshasikia kwamba nilipewa pafu la nguruwe. Nimesikia pia kwamba nilitoroka hospitali kupitia dirishani, mimi ambaye nikiinama kufunga kiatu naona nyota! Sasa nawaandikia yote mara moja. Mkiisoma, msinipunguzie wala msiniongezee.

Mnanijua. Ni Rukia, mke wa Abdi wa lori. Babu yangu alikuja hapa na jeshi la Mwingereza, na vita vilipokwisha akaambiwa akae Isiolo na ng'ombe wake, basi tukakaa. Kifua changu kilianza na kikohozi ambacho kila mtu alikiita vumbi. Nilimeza dawa za TB ambayo sikuwa nayo. Mwisho daktari mmoja wa Nairobi akaniambia mapafu yangu yameshika makovu, yamekakamaa kama ngozi iliyosahaulika juani, na dawa ya kuyalainisha hakuna. Akaniambia nirudi nyumbani nipumzike. Nilimuuliza nipumzike nikingoja nini, akaangalia pembeni.

Wifi yangu Zeinab, dadake Abdi anayekaa London, alikuja likizo akanikuta nimekaa kitandani nimeshika magoti, natafuta hewa. Akasema huko kwao madaktari wameanza, juzi juzi tu, kutoa pafu la mtu aliyekufa na kumwekea aliye hai. Wengine wamepona, wengine wamekufa. Abdi akasema, "Unaenda." Hakuniuliza, na mimi sikubisha. Niseme wazi: nilikuwa bado sijafika hamsini, nilitaka kuishi, na yule daktari aliyeangalia pembeni alikuwa amenikasirisha sana.

Isiolo hadi Nairobi

Mwenye mapafu mazima hajui kwamba barabara ya Nanyuki ni mlima wa kuua mtu. Nyinyi mnapanda mkiongea. Mimi kila kona ilininyang'anya kitu. Tulikuwa watatu mbele kwenye lori, Abdi, Zeinab na mimi, na nyuma ya kiti mtungi wa oksijeni tulioazimwa na hospitali ya misheni, umefungwa kwa kamba kama mbuzi wa kwenda kuuzwa. Abdi alikataa gari lingine lolote. Alisema lori lake analijua.

Basi lori hilo analolijua likachemka rejeta huko juu kabisa, kwenye mashamba ya ngano baada ya Timau, mahali ambapo hewa ni nyepesi na baridi. Abdi akafungua boneti, mvuke ukamfukuza. Maji tuliyobeba yalikwisha hapo hapo. Akaenda kutafuta mtoni, na mimi nikabaki nimeegemea mlango, midomo imekuwa ya buluu, Zeinab ananipepea kwa shuka kana kwamba baridi yenyewe haitoshi.

Kina mama wa Kimeru waliokuwa wakivuna viazi wakaona. Wakaja, mikono imejaa udongo. Mmoja alileta uji wa wimbi kwenye kibuyu, akanishikia kichwa ninywe. Zeinab anajaribu kueleza, "Ni mgonjwa wa mapafu, tunampeleka London," na yule mama anajibu, "London ni mbali, kwanza anywe uji." Halafu bila kuuliza mtu wakaniwekea mikono kichwani, wakafunga macho, wakaanza kuomba kwa Kimeru, kwa sauti, kwa jina la Yesu. Abdi alirudi na debe la maji akanikuta nimezungukwa. Alisimama pale, mtoto wa ukoo wa masheikh, hajui aangalie wapi. Walipomaliza alisema "Amin" kwa nguvu kuliko wote. Nilitaka kumcheka lakini kucheka kulikuwa kazi nisiyoiweza siku hiyo.

Ule uji ulinifikisha Nairobi, Abdi akabaki na lori lake, mimi na Zeinab tukapanda ndege. Nikipona, nilijiambia, nitarudi niulize majina yao.

Angani

Ndani ya ndege watu walikuwa wanavuta sigara. Mnashangaa? Ndiyo desturi yao. Wanagawanya ndege, mbele wasiovuta, nyuma wanaovuta, kana kwamba katikati kuna ukuta. Mimi niliwekwa kiti cha mwisho cha wasiovuta. Nyuma yangu bwana mmoja wa suti ya kijivu, mwenye tumbo na pete, aliwasha ya kwanza hata mikanda hatujafungua.

Nilikohoa mpaka mhudumu akaja. Zeinab akamwambia shida. Msichana wa watu akasema kwa adabu kwamba viti vya kuvuta vinaanza pale nyuma, bwana hajavunja sheria.

"Muulize," nikamwambia Zeinab, "kwani moshi umesoma namba za viti?"

Kumbe yule bwana alijua Kiswahili! Akainama mbele. "Mama, nimelipa kama wewe ulivyolipa."

Basi nikamwonyesha mtungi mdogo wa oksijeni walionipa, umelala kwenye mapaja yangu. "Unaona hii? Ni hewa inayowaka. Mafundi wa kuchomelea wanakatia vyuma. Wewe washa kiberiti chako hapo nyuma, halafu tufike kwa Mungu sote pamoja, tumuulize nani alilipa zaidi."

Watu wa viti vitatu waligeuka. Bwana aliinuka, akachukua koti lake, akaenda kusimama karibu na choo mpaka Ulaya. Kumbe mtungi huo ulitakiwa ukae mbali na moshi tangu mwanzo, na mhudumu alisahau. Alinihamisha mbele kwa watu wa pesa akaniletea kuku. Sikujua kuku huyo alichinjwaje, nikala nyirinyiri yangu kutoka kwenye kopo, nyama imekaangwa vizuri na mafuta yake, mpaka mzungu wa jirani akanyoosha shingo. Nikampa kipande. Alitafuna muda mrefu, maskini, akasema asante.

Kwa Zeinab

London sitawaeleza sana. Ni baridi, ni kijivu, na nyumba zimeshikana. Nyumba ya Zeinab ilikuwa vyumba viwili juu ya ngazi, na kila ngazi nilikaa.

Wasomali wenzetu wa huko ni watu wetu kweli. Habari zilipowafikia kwamba mgonjwa ametoka Kenya, walikuja kila siku. Mmoja analeta wali, mwingine sambusa, mwingine maziwa ya dukani anaomba msamaha kwamba si ya ngamia. Na kila mmoja alileta uunsi wake. Mnajua mambo yetu. Mgeni wa heshima hafiki nyumbani bila kufukizwa. Makaa yanatiwa kwenye chetezo, uunsi unatiwa juu, uvumba na sukari na manukato, mgeni anafunikwa shali, moshi unapanda kwenye nguo na nywele. Kukataa ni kama kukataa salamu. Na mimi sikutaka kukataa! Nimewasha uunsi tangu nilipokuwa bibi harusi. Harufu ile ilinirudisha nyumbani, nikawa naagiza mwenyewe, "Zeinab, ongeza kidogo."

Kikohozi kikazidi. Tukasema ni baridi ya London. Kwa hiyo tukafunga madirisha, tukaziba chini ya mlango kwa taulo, tukawasha uunsi zaidi ili chumba kipate joto. Sisi watu wazima, wake wa watu, wenye akili zetu.

Hospitali

Daktari wa mapafu alikuwa mrefu, mwembamba, mikono safi kupita kiasi. Wiki nzima walinipima. Nilipuliza mabomba, nilitembezwa kwenye mkanda unaokimbia, nikachomwa sindano kwenye kiwiko cha mkono, pale mshipa unapodunda, waone damu ina hewa kiasi gani. Chakula chao ni viazi vilivyopondwa, na kitu chekundu kinachotetemeka kwenye sahani. Nilikiogopa, nikakila, hakina ladha yoyote.

Siku ya majibu akakaa mbele yetu, Zeinab anatafsiri. Uso wa Zeinab ukabadilika kabla hajafungua mdomo.

"Anasema unavuta sigara."

"Mwambie sijawahi."

Daktari akasema damu yangu ina ile sumu ya moshi, sawasawa na ya mvutaji. Akasema damu haidanganyi. Mapafu ya kupandikizwa ni machache mno, na wao hawampi mtu atakayekwenda kuyachoma tena. Akafunga faili.

Enyi watu! Nimetoka Isiolo, nimepanda mlima nikifa, nimemfukuza mtu angani kwa sababu ya sigara, halafu naitwa mvuta sigara! Nilisimama. "Mwambie," nikasema, "mimi ni mjukuu wa askari wao, na mama yangu hakunifundisha uongo. Kama damu yangu ina moshi, atafute moshi huo umetoka wapi. Asinifungie kitabu usoni." Zeinab alitafsiri akilia, sijui alifikisha maneno mangapi.

Kilichonisaidia ni desturi yao wenyewe. Kabla ya kumkataa mtu kabisa walikuwa wanatuma mama mmoja akaangalie anapoishi, na mama huyo alikuwa ameshapangiwa kuja. Alipofika, kina mama walikuwa wamejaa kunipa pole. Mlango ulipofunguliwa alipigwa na wingu. Kabla hajasema neno, mmoja alimvua koti akalifukiza vizuri, mikono yote miwili, kwa sababu ni mgeni na anatoka hospitali. Yule mama alisimama katikati ya chumba machozi yanamtoka, anakohoa, anatazama chetezo, ananitazama mimi, anatazama makaa. Halafu akaenda kufungua madirisha yote, moja moja, akaketi ngazini akacheka mpaka akashika mbavu.

Ni makaa. Makaa yanayowaka chumba kimefungwa yanatoa sumu ile ile ya sigara. Zeinab alipoelewa alichukua chetezo, zawadi ya harusi yake, akakitupa kwenye pipa la nje. Alijipiga kifua. "Nimekuwa nakuua kwa mikono yangu!"

"Ulikuwa unanikaribisha," nikamwambia. "Na mimi ndiye niliyekuwa nasema ongeza." Hakunyamaza haraka.

Daktari aliniomba radhi akiangalia viatu vyake. Damu ikasafika, nikaingizwa kwenye orodha. Ndipo akaniambia yaliyobaki, na akayasema yote, sitamsingizia. Pafu lazima litoke kwa mtu mwenye damu kama yangu na kifua kidogo kama changu, kwa sababu pafu la Mwingereza mrefu halinienei. Mwili unaweza kulikataa, leo au mwaka kesho. Nitameza dawa kila siku mpaka mwisho wa maisha, na dawa hizo zitaushusha ulinzi wa mwili, kwa hiyo mafua ya mtoto yanaweza kuniua. Vumbi hapana. Mifugo hapana. Maziwa yasiyochemshwa hapana. Na lazima niishi karibu na hospitali hii.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Daima."

Nikasema sawa. Mdomo ulisema sawa.

Kungoja

Kungoja pafu ni kazi mbaya, wallahi. Unajua unachongoja ni nini. Katika wodi palikuwa na mgonjwa mwenzangu, mtu mwema kabisa, na theluji ilipoanza akasema, "Barabara zitateleza sasa, labda tutapata." Alisema halafu akafunika uso. Sikumlaumu. Lakini mimi kila nikiswali nilikataa kuomba kitu hicho. Nilisema tu, Mola, unajua haja yangu, na mtoto wa mtu usimguse kwa ajili yangu. Huenda dua yangu ilijigonga yenyewe.

Nilikuwa nimerudishwa kwa Zeinab simu ilipolia asubuhi, yeye anakaanga mahamri. Pafu limepatikana. Gari likaja, nikaogeshwa kwa dawa ya rangi ya chai, nikavalishwa gauni lililo wazi mgongoni, nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya mlango wa upasuaji. Hakuna maji, hakuna chakula. Zeinab ameshika mkono wangu anasoma Yasin. Nikamfikiria mama wa yule aliyekufa, yuko wapi saa hii, nani yuko naye, kuna mtu amempikia? Nikamwombea. Kisha nikafikiria kwamba mlango huu ukifunguka nikaingia, sitaona tena mtu akishusha mzigo wa lori pale mbele ya msikiti. Nitakuwa mzima, dirishani, juu ya ngazi za Zeinab.

Alasiri daktari akatoka amevuta barakoa chini ya kidevu. Pafu limeharibika. Limejaa maji, halifai.

Zeinab alipiga yowe. Na mimi, ndugu zangu, nilifurahi. Simaanishi kwamba nilijikaza. Furaha ilinijaa mwili mzima kama mtu aliyefunguliwa kamba, mpaka nikaona haya mbele ya wifi yangu anayelia. Nililala pale nikaitazama dari, nikajua ninachotaka. Hakuna aliyenishauri.

Kesho yake nikamwambia daktari aniondoe kwenye orodha.

"Bila pafu utakufa," alisema.

"Na wewe je?"

Zeinab alikataa kutafsiri hilo. Nikalisema mwenyewe kwa Kiingereza changu cha duka, "And you?" Akatabasamu kidogo, bila kupenda. Akasema watu wanalilia nafasi kama yangu.

"Basi mpe anayelia. Mimi nilikuja kutafuta pumzi ya kuishi kwetu. Hii mnayonipa ni ya kuishi kwenu."

"Nadhani unakosea, Mama."

"Inawezekana. Lakini kosa ni langu, nami nitalibeba."

Alinipa dawa za kupunguza kukohoa na barua ya kupatiwa oksijeni Nairobi. Mlangoni akanipa mkono, akauacha ndani ya wangu kidogo. Simchukii hata kidogo, na kama kuna mwenzetu atakayekubali masharti yake, nitamsindikiza mimi mwenyewe hadi uwanja wa ndege. Mimi siyataki.

Nyumbani

Abdi alinipokea Nairobi. Sikuwa nimemwambia kwa simu, Zeinab pia alikataa kuwa mjumbe. Alikuja mbio, halafu akasimama, akatazama kifua changu na kitambaa nilichojifunga shingoni, akitafuta kovu. Nikasema, "Nimerudi na yale yale." Akachukua mzigo. Akaendesha mpaka Isiolo macho barabarani, na ile ni njia ndefu.

Mlikuja kunisalimia, nawashukuru. Lakini mlikujaje? Mliingia viatu mkononi, mnanong'ona, mmekaa kwenye mkeka kama watu wa matanga. Kuna aliyenisifu kwamba nimelitoa pafu langu sadaka kwa mgonjwa mwingine. Sikutoa sadaka, nililikataa kwa ajili yangu mwenyewe. Kuna aliyesema nimemkufuru Mungu kwa kukataa tiba, na mwingine kwamba nilimkufuru kwa kuifuata. Pateni shauri moja kwanza ndipo mje mnihukumu. Mama Kananu, anayeniuzia viazi hapa sokoni, peke yake ndiye aliyeingia kwa kelele, "Rukia, kumbe hujafa! Na deni la gunia je?" Nilimpenda siku hiyo kuliko jamaa zangu.

Mlipoondoka, Abdi akabaki amesimama kizingitini, mgongo kwangu. Ndipo aliposema.

"Ungefia huko ningelia mara moja. Umerudi ili nikutazame ukifa kila siku."

Nilingoja mpaka nikapata pumzi ya kujibu, na alisimama akaingoja.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kila siku. Geuka basi, anza leo."

Akageuka.